Dawa ya Viroboto: Imfaayo Mbwa Yaweza Kumwua Paka

Paka ni mwenzetu nyumbani, na katika mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) hahesabiwi kuwa najisi. Akishikwa na viroboto, ni wajibu wetu kumtibu; lakini tuchague dawa kwa uangalifu.

Hatari kubwa ni permethrini, iliyomo katika baadhi ya dawa za mbwa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja ipasavyo: hutetemeka, hushikwa na degedege, na huenda akafa. Basi tusome kibandiko kabla ya kulipa. Paka atajwe waziwazi, pamoja na uzito na umri wake. Wala tusipunguze dawa ya mbwa tukidhani kidogo hakidhuru. Aliyekwisha kupakwa aoshwe mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Matone ya fipronili au selamektini yaliyotengenezewa paka hutiwa juu ya ngozi, nyuma ya shingo, asipoweza kuramba. Kitoto kisichotimiza wiki 8 kichanwe kwa kitana cha meno ya karibu, na daktari aulizwe kwanza.

Tusisahau nyumba. Mayai ya viroboto hudondoka mikekani na kwenye mazulia, na buu aliyejifungia kifukoni aweza kungoja miezi. Tufagie kila siku, tufue matandiko kwa maji moto, na turudie dawa kwa muda ulioandikwa. Mnyama hana ulimi wa kulalamika. Sisi ndio tutakaoulizwa.