Tafuta Jina la Babu Katika Karatasi za Zamani

Vijiji vingi vina habari ya babu aliyekwenda Dar es Salaam asirudi. Alikwenda kutafuta kazi. Akapanga chumba Kariakoo, Ilala au Mchikichini. Akaoa huko, akazaa huko. Nyumbani likabaki jina lake tu. Je, unawajua wajukuu zake?

Siku moja mtatafutana, na mara nyingi ni siku ya mirathi. Nyumba inagawanywa, na kila mtu anasema yeye ni wa ukoo. Mahakama haitasikiliza mwenye sauti kubwa. Itataka mashahidi na karatasi.

Anza na sanduku la bibi. Humo huenda mkawa na stakabadhi ya kodi ya kichwa, kipande cha kazi, cheti cha ndoa au barua. Usitupe kitu, hata kama kimeliwa na mende. Toa nakala, uziweke nyumba nyingine. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021. Soko la Mchikichini, ambalo wengi huliita Karume, liliungua Januari 2022. Karatasi ikiungua imekwisha.

Ukifika Mchikichini, usikimbilie ofisini. Kaa kwanza na wazee barazani. Uliza babu alikaa mtaa gani, nyumba ya nani, na alisali wapi. Kama alikuwa Mkristo, omba kanisani watazame kitabu cha ubatizo. Humo huandikwa majina ya wazazi na wasimamizi. Kama alikuwa Mwislamu, cheti cha ndoa kina majina ya mashahidi. Yaangalie sana majina hayo. Mtu akiwa mgeni mjini, shahidi wake mara nyingi ni mtu wa kwao.

Usivunjike moyo ukikosa cheti cha kuzaliwa. Wakati wa ukoloni Waafrika wengi hawakuandikishwa. Hata vitabu vya anwani vya siku hizo viliorodhesha wenye makampuni na maduka, si wapagazi. Lakini kama babu alimfanyia kazi tajiri fulani, kitabu hicho kitakuonyesha duka lilikuwa wapi.

Liko pia gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Watu wa mijini na vijijini walipeleka barua, mashairi na habari, na majina yao yakachapwa. Nakala za zamani zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyaraka za Taifa, zilizoanzishwa mwaka 1963, zina jengo Upanga, si mbali na Kariakoo. Uliza kwanza utaratibu wa kibali, usije ukapoteza nauli.

Jambo moja huwapoteza wengi. Makarani waliandika jina kama walivyolisikia. Wajerumani waliandika Bagamoyo kuwa Bagamojo, na Ujiji kuwa Udjidji. Hata jina Kariakoo limetoka kwa Kiingereza, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo Juma wako aweza kuwa Djuma. Soma jina kwa sauti, usilitazame kwa macho tu.

Nenda na daftari na kalamu ya risasi. Kila ukipata jina, andika pia umelikuta katika kitabu gani, ukurasa gani na mwaka gani. Mjukuu mwingine atakapobisha, mwonyeshe ukurasa huo.