Mgeni Aitwaye Kunena, na Mwanafunzi Apelekwaye Ng'ambo

Mtu aingiaye katika hoteli za miji yetu mikubwa huenda ameona ukutani kibao chenye picha ya gurudumu la meno, rangi ya samawati na dhahabu, na chini yake siku na saa zimeandikwa. Wengi hupita tu, wakidhani ni tangazo la fundi wa magari. Kumbe ni alama ya Chama cha Rotary, na siku iliyoandikwa pale ndiyo siku ambayo wanachama hukutana, hula pamoja, na kumsikiliza mgeni mmoja waliyemwita aje kunena nao.

Twataka kueleza mambo mawili ya chama hicho ambayo watu hudhani kuwa hayahusiani: wageni waitwao kunena, na misaada ya masomo, yaani skolashipu, ambayo vijana huipata kwa mkono wa chama. Mkulima wa Nyeri au Bungoma mwenye binti aliyemaliza Chuo Kikuu, na karani ambaye mshahara wake wa mwaka mzima haufiki nusu ya karo ya ng'ambo, wana sababu ya kuyajua haya. Nafasi hizi haziendi kwa wenye akili tu. Huwaendea wenye akili ambao wamejulikana mapema.

Chama hiki kilianza mjini Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari, 1905. Mwanasheria mmoja, Bwana Paul Harris, aliyelelewa na babu na nyanya yake katika kijiji cha Wallingford, jimbo la Vermont, alikuwa amekaa mjini miaka kadhaa akiona upweke. Wateja alikuwa nao. Marafiki wa kweli walikuwa haba. Kila kijana aliyetoka shambani akaja kupanga chumba Nairobi aijua hali hiyo. Basi akakutana na watu watatu, mwuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo, katika ofisi ya mmoja wao, wakapatana kuonana tena. Kwa kuwa walikutana kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, wakakiita chama chao Rotary, maana yake kuzunguka. Mwanzoni shabaha yao ilikuwa urafiki na kusaidiana katika biashara. Baadaye wakageukia haja za mji wao. Kazi yao ya kwanza ya namna hiyo haikuwa ya fahari hata kidogo: walishughulikia kujengwa kwa vyoo vya watu wote katikati ya Chicago.

Katika Afrika chama cha kwanza kilianzishwa Johannesburg mwaka 1921, na Nairobi mwaka 1930. Hapana haja ya kuwaficha wasomaji kwamba katika miaka hiyo Mwafrika aliingia katika chumba cha kulia cha hoteli kubwa ya Nairobi akiwa amebeba sinia, wala si kuvuta kiti. Hayo yamepita. Wanawake nao hawakuruhusiwa kuwa wanachama duniani kote mpaka mwaka 1989, sheria ya chama ilipobadilishwa. Na mwaka 2003 mwanasheria wa Nigeria, Bwana Jonathan Majiyagbe, akawa Mwafrika wa kwanza kushika urais wa Rotary ya dunia nzima.

Sasa tuje kwa mgeni. Asili ya desturi hii ni kwamba zamani kila mwanachama alitoka katika kazi mbalimbali, mmoja tu kwa kila kazi, na ilimpasa kusimama mbele ya wenzake na kuwaeleza kazi yake: daktari aseme habari za udaktari, mwenye duka aseme habari za duka. Walipokwisha kujifunza kutoka kwao wenyewe, wakaanza kuwaita watu wa nje. Hata leo mkutano wa kawaida huenda hivi: rais wa chama hupiga kengele, wageni hujulishwa kwa majina, watu hula, matangazo husomwa, kisha mnenaji hupewa muda wa dakika ishirini hivi, na baada yake maswali. Mwanachama mmoja humshukuru kwa niaba ya wote, na kengele hupigwa tena. Mgeni akitoka katika chama cha nchi nyingine, hubadilishana vibendera vidogo na wenyeji wake. Kwa desturi mnenaji halipwi, wala haruhusiwi kugeuza meza ile kuwa jukwaa la kura, maana Rotary haimwungi mkono mgombea wa chama chochote cha siasa.

Si lazima mgeni awe mtu mkubwa. Kwa maoni yangu wakubwa mara nyingi ndio wanenaji wabaya, kwani huja na karatasi iliyoandikwa na mwingine, huisoma wakiwa wameinama, na kuondoka kabla ya maswali. Lakini katibu wa chama cha ushirika cha kahawa, ajuaye ni kwa nini buni ya msimu fulani ilikataliwa kiwandani, na ni kilo ngapi, na nani aliyepata hasara, huyo atasikilizwa. Kadhalika mwalimu wa shule ya msingi ajuaye ni watoto wangapi hukosa darasa siku za kuteka maji. Akitaja hesabu zake bila ya kuzipamba, mfanyi biashara aliyeketi mbele yake ataelewa upesi, kwa kuwa hesabu ndiyo lugha yake. Tena wengi wa wasikilizaji wale ni watu wenye uwezo wa kutenda jambo: wahandisi, wenye benki, madaktari, mawakili. Miradi mingi ya maji na ya matibabu huanzia kwa mtu mmoja aliyesimama akaeleza shida ilivyo.

Walakini yapasa tuseme ukweli upande wa pili. Mikutano mingi hufanyika katika hoteli, kwa Kiingereza, saa ya chakula cha mchana au jioni baada ya kazi, na bei ya sahani moja pale yaweza kumlisha mkulima na jamaa yake siku kadhaa. Mtu wa mashambani haji, na asipokuja hajulikani. Tangu mwaka 2016 vyama vimepewa uhuru zaidi wa kupanga mikutano yao, na vingine hukutana kwa njia ya intaneti, hivi kwamba mtu aliyeko mbali aweza kusikiliza na kuuliza swali. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Chama ambacho hualika wanenaji wa mji peke yake kitawajua watoto wa mji peke yao, na jambo hilo huonekana wazi wakati wa kugawa misaada ya masomo.

Habari ya misaada hiyo ni hii. Mwaka 1917 Bwana Arch Klumph, aliyekuwa rais wa Rotary, alitoa shauri kwamba iwekwe akiba ya kufanyia mema duniani. Mchango wa kwanza ulitoka kwa chama cha Kansas City mwaka uliofuata, nao ulikuwa dola 26 na senti 50 tu. Kwa miaka mingi akiba ile ilikua polepole kama mnazi. Kisha mwezi wa Januari, 1947, Bwana Paul Harris akafariki, na wanachama wa nchi nyingi wakatuma fedha kwa ukumbusho wake. Mwaka huo huo wakachaguliwa wanafunzi 18, kutoka nchi 11, wakapelekwa kusoma katika nchi zisizo zao. Huo ndio mwanzo.

Miongoni mwa waliofuata alikuwamo Mjapani kijana aitwaye Sadako Ogata, aliyekwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Wasomaji wetu wa Garissa watalikumbuka jina hilo, kwa sababu bibi huyo ndiye aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Wakimbizi tangu mwaka 1991 hata mwaka 2000, na kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka ule ule alioingia kazini. Mwingine ni Mmarekani Paul Volcker, aliyesoma London, na baadaye, tangu 1979 mpaka 1987, akasimamia benki kuu ya nchi yake.

Hapa ndipo mambo yetu mawili yanapokutana. Wanafunzi wale waliitwa mabalozi wa nia njema, na kila mmoja alitarajiwa kuvitembelea vyama vya Rotary vya nchi aliyosomea, asimame mezani na kuwaeleza watu habari za kwao. Yaani aliyepelekwa na fedha za wasikilizaji alilipa kwa kuwa mnenaji. Mjapani alieleza Japani kwa Wamarekani miaka michache tu baada ya vita. Nadhani hotuba hizo hazikuwa nyepesi. Kwa sababu hiyo walioichagua kazi ya kuwapima vijana hawakutazama cheti peke yake. Walitaka kujua kama mtu huyu aweza kusimama mbele ya wageni, akaulizwa swali gumu juu ya nchi yake, akajibu bila ya hasira na bila ya uongo.

Mpango ule wa mabalozi ulikoma mwaka 2013, na mahali pake uko mpango mwingine ambao yafaa kila mzazi auelewe vizuri. Msaada mkubwa wa sasa ni wa masomo ya juu, baada ya shahada ya kwanza, katika nchi isiyo ya mwanafunzi, na jumla yake haiwi chini ya dola 30,000 za Kimarekani. Fedha hizo zaweza kulipa karo, nauli, chakula na chumba. Mwombaji hana budi kuwa na barua ya kukubaliwa na Chuo Kikuu. Masomo yake yawe katika mojawapo ya mambo saba ambayo Rotary imeyachagua: amani, kuzuia maradhi, maji na usafi, afya ya mama na mtoto, elimu, uchumi wa jamii, na mazingira. Tena lazima pawe na wenyeji wa pande mbili, Rotary ya nyumbani imdhamini na Rotary ya nchi aendayo impokee. Upande mmoja ukikosekana, hakuna msaada.

Msomaji ataona shida iko wapi. Chuo hutoa barua ya kukubaliwa, na siku zake huhesabika. Pasipo karo nafasi hupewa mwingine. Binti mwenye shahada nzuri ya mambo ya maji, aliyepata barua yake mwezi wa Mei, akianza kuulizia Rotary ni nini mwezi wa Juni, amekwisha kuchelewa, maana maombi huchukua miezi mingi, na fedha hutengwa mapema na watu ambao hawajapata kumwona. Bali kama alikwisha kwenda miaka miwili kabla kueleza kisima cha kijiji chao, au kama mwalimu wake alimtaja mezani, wapo watu watakaosema, "Huyu twamjua."

Jambo moja litawafariji wanaodhani kwamba mambo haya ni ya kupeana kwa jamaa. Kanuni ya msaada huo wa dunia yamkataza mwanachama mwenyewe, mume au mke wake, na watoto na wajukuu wake, kuupokea. Mwenye chama humsomesha mtoto wa mwingine. Kwa hiyo wanachama huwa wanatafuta watu wa nje, na mara nyingine huwakosa kwa sababu hawajui pa kuwatafuta.

Iko na misaada midogo, ambayo wilaya za Rotary huweza kuitumia kwa masomo ya ngazi yoyote, hata ya hapa hapa nchini: karo ya sekondari, au ya chuo cha ufundi. Na kwa wale ambao tayari wako kazini na wamejishughulisha na upatanishi, kuna Kituo cha Amani cha Rotary katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, cha kwanza cha namna hiyo katika Afrika, kilichoanza kupokea wanafunzi wake mwaka 2021. Masomo yake huchanganya kukaa Kampala na kusoma kwa intaneti ukiwa kwenu, hivi kwamba mtu haachi kazi yake mwaka mzima. Wanaosuluhisha ugomvi wa malisho na wa mipaka katika wilaya zetu za kaskazini wangefaa sana huko.

Anayetaka kuanza, na aanze hivi. Ajue chama kilicho karibu naye hukutana lini, kisha amwandikie katibu barua fupi, akieleza yeye ni nani, afanya nini, na ana jambo gani ambalo laweza kuwafaa kulisikia. Asianze kwa kuomba fedha. Akialikwa, afike mapema, amalize kwa wakati, na akumbuke majina ya waliomwuliza maswali. Na mtu yeyote atakayemjia akidai kitu kidogo ili "amfungulie mlango" wa skolashipu ya Rotary, ajue huyo ni mlaghai. Nafasi hizo haziuzwi.

Tena aangalie kalenda. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na viongozi wa kila chama hubadilika siku hiyo. Barua iliyopelekwa mwishoni mwa Juni humfikia mtu anayekusanya vitu vyake mezani. Iliyopelekwa wiki ya pili ya Julai humkuta rais mpya mwenye orodha tupu ya wanenaji wa mwaka mzima, naye hana budi kuijaza.