Kwenda Jeshini Ukiwa na Fani Mkononi

Tangazo la kuajiri makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) likitoka, Kalokol huchangamka. Mama huuza mbuzi, mjomba hutoa alichonacho, na kijana aliyeshinda jana akipaa samaki ufuoni Longech huonekana alfajiri akikimbia kwenye barabara ya Lodwar kabla jua halijakolea. Simlaumu. Kazi ya mshahara wa kila mwezi ni adimu Turkana, na askari mmoja huweza kusomesha watoto wa boma zima. Ila katika kazi yangu ya kuwashauri vijana kuhusu ajira, swali ninaloulizwa kila mara ni "Nitapitaje?" Wachache huuliza kama kazi yenyewe wataiweza. Na wachache mno huuliza watafanya nini jioni hiyo wakirudi nyumbani bila barua.

Tuanze na uwanja wa uandikishaji. Kituo cha kwanza ni meza ya karatasi: kitambulisho halisi na vyeti halisi vya masomo. Matangazo ya miaka ya karibuni yamemtaka kurutu wa kawaida awe raia wa Kenya mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, aliyepata wastani usiopungua D katika KCSE, asiye na rekodi ya uhalifu, mwenye urefu wa angalau mita 1.60. Uzito ni angalau kilo 54.55 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, na mwanamke asiwe mjamzito. Kuna mbio, kisha mnapangwa kwa mstari na kukaguliwa mwili: macho, masikio, meno, nyayo.

Sisi Waturkana urefu tunao. Mizani ndiyo inayotuangusha. Mtoto aliyekua katika ukame baada ya ukame hufika uwanjani akiwa mrefu na mkakamavu, lakini kilo mbili zimepungua, na hakuna maji ya kunywa asubuhi yatakayozileta. Uzito huandaliwa kwa miezi, kwa chakula cha kila siku, na mzazi anayemtakia mwanawe jeshi aanzie hapo kabla ya kufikiria viatu vya mbio.

Karatasi nazo huwazuia wengi. Cheti kikiwa bado shuleni kwa sababu ya deni la karo, kifuatilie sasa kwa mwalimu mkuu na ofisi ya elimu, usingoje tangazo litoke. Upande wa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kuna ugumu wake: mkimbizi hawezi kuandikwa kwa kuwa si raia, na Mkenya aliyeandikishwa kambini utotoni ili familia ipate mgao wa chakula huweza kukwama anapoomba kitambulisho. Suala hilo haliishi kwa wiki moja. Lianze mapema kwa chifu na ofisi ya usajili.

Kuhusu hongo sitamung'unya maneno. Uandikishaji ni bure. Kila baada ya zoezi, kuna vijana wanaofika Moi Barracks, Eldoret, ambako makurutu hufunzwa, wakiwa na barua za wito walizouziwa. Langoni wanagundua kuwa ni bandia, na wao ndio wanaokamatwa. Mbuzi wamekwenda, na rekodi safi waliyokuwa nayo imo hatarini. Mtu akikwambia ana afande wake, mkimbie.

Sasa kazi yenyewe. KDF iliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi yake ya El Adde huko ilishambuliwa na al-Shabaab, na Kenya ikapoteza wanajeshi wengi kwa asubuhi moja. Mzazi na mwana wayazungumze haya kwa sauti kabla ya kwenda uwanjani Lodwar. Wakubaliane nani atachunga mifugo na nani ataangalia wadogo, kwa sababu kurutu hachagui atakapopelekwa. Hata mtoto wa ziwani anayejua kuogelea na kuendesha mashua, ambaye moyo wake uko kwenye jeshi la wanamaji, hupangwa kulingana na mahitaji ya jeshi.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu halisemwi hadharani, nami nalisikia faraghani. Kijana aliyepoteza ndugu kwenye uvamizi wa mifugo anataka bunduki ya serikali ili siku moja arudi na kulipiza. Mwana wangu, kama hilo ndilo linalokusukuma, usiende. Polisi wa akiba hulinda kijiji chake, mwanajeshi huapa kwa nchi nzima. Februari 2023 serikali ilipowatuma wanajeshi kusaidiana na polisi dhidi ya ujambazi Kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotajwa, pamoja na Pokot Magharibi, Baringo na nyinginezo. Unaweza kupangwa doria bega kwa bega na Mpokot, na maisha yako yakawa mikononi mwake. Anayeingia na kisasi ni hatari kwa wenzake. Kilio cha nduguyo kinahitaji wazee, mchungaji au mshauri wa kukusikiliza, na kusikilizwa huko unakustahili.

Kwa anayeitaka kazi kwa sababu njema, ushauri wangu ni kujifunza fani kwanza. KDF huajiri pia mafundi: umeme, mabomba, uashi, magari, upishi. Wenye wastani wa B na zaidi wanaweza kuomba ukadeti, na kwao darasa lina uzito kuliko mbio. Fani hiyo inapatikana bila kwenda mbali. Lodwar kuna vyuo vya ufundi, KMTC na Turkana University College. Kakuma, shirika la Don Bosco limekuwa likifundisha ufundi kwa miaka mingi. Basari ya kaunti na mkopo wa HELB vipo kwa anayefuatilia fomu kwa wakati.

Kalokol tunajua kilichotokea watu walipotegemea mwajiri mmoja. Kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilifanya kazi kwa muda mfupi, kwa sababu kugandisha samaki kwenye joto letu kulikula umeme mwingi, na ghuba ya Ferguson ikakauka. Walioendelea kula ni waliojua kukausha samaki juani na kutafuta soko. Jeshi halitafungwa kama kiwanda, lakini nafasi zake kwa kaunti ndogo ya Turkana ya Kati ni chache, na wanaokimbia ni wengi.

Basi hesabu umri wako. Ukimaliza kidato cha nne ukiwa na miaka 19, ukasoma ufundi wa injini kwa miaka miwili, utakuwa na 21, na mlango wa jeshi uko wazi hadi 26. Unaweza kukimbia kila tangazo linapotoka. Kati ya tangazo moja na jingine, kuna mashua Longech zenye injini mbovu, na wenyewe wanalipa.