Mama Yako Mzee Akae Wapi?

Labda mama yako amebaki peke yake kijijini. Baba alikufa, na watoto wote wamekwenda Bukavu au Goma au Bunia. Juzi habari ilikufikia kwamba alianguka usiku akienda chooni. Sasa ninyi ndugu mnakutana na kusema, "Tumlete mjini." Gari mmekwisha kulitafuta. Je, mama mwenyewe ameulizwa?

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 19, tunasoma habari za mzee Barzilai. Alikuwa mtu wa miaka 80. Mfalme Daudi alitaka kumpeleka Yerusalemu na kumlisha huko. Mzee alikataa kwa upole. Utamu wa chakula haukuwa kitu kwake tena, na sauti za waimbaji hakuzisikia vizuri. Alipenda kufia kwao, karibu na kaburi la wazazi wake. Daudi hakumlazimisha. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi.

Hatusemi kila mzee abaki kijijini. Tunasema, kwanza ujue ni kitu gani kilichomwangusha, maana mara nyingi kinaweza kutengenezwa. Choo ni mbali na njia ina matope? Mpe ndoo yenye kifuniko, ikae karibu na kitanda usiku. Nyumba ni giza? Weka taa mahali mkono wake unapofika. Akiamka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu polepole mpaka 30, ndipo asimame. Kama mboni ya jicho ni nyeupe, labda ni mtoto wa jicho. Mganga wa macho anaweza kumwondoa kwa operesheni fupi, na watu wengi huona vema tena. Dawa anazomeza, mlete nazo zote hospitalini, kwa sababu dawa nyingine za presha huleta kizunguzungu.

Lakini akianguka akashindwa kusimama, na mguu mmoja unaonekana mfupi na unyayo umegeukia nje, msimkande. Huenda mfupa umevunjika karibu na nyonga. Mleteni siku ile ile, amelala juu ya machela.

Kuna neno lingine linalotuhuzunisha. Mama aliyekuwa na akili timamu juma lililopita, leo anasema maneno yasiyofahamika, wala hajui jina la mwanawe. Jirani ananong'ona kwamba ni mchawi. Huyo ni mgonjwa! Labda ana malaria, au homa ya mapafu, au ugonjwa wa mkojo. Labda hakunywa maji ya kutosha, maana mzee hasikii kiu kama kijana. Mlete kwa mganga upesi. Katika Kivu wamama wazee wameuawa kwa ajili ya manong'ono kama hayo. Ukiyasikia, simama upande wa mama yako mbele ya watu. Na kama hatari haiishi, mwondoe hapo. Siku hiyo usingoje mashauri marefu.

Tena kuna mzee anayesahau kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Anaacha moto ukiwaka, anapotea njia ya shamba. Huyo hawezi kukaa peke yake mchana wala usiku. Watu wengi hutuma mjukuu wa kike wa miaka 9 akae naye. Mtoto huyo naye anapaswa kusoma.

Ukitaka kumleta kwako, zungumza kwanza na mke wako, maana ni yeye atakayefua mashuka. Mama atalala wapi? Moshi wa mbabula hautamsumbua? Mlete kwanza mwezi mmoja tu, wakati wa kiangazi. Usiuze nyumba yake wala shamba lake, na kuku zake zitunzwe na jirani, ili akisema, "Nirudishe," awe na mahali pa kurudi.

Nyumba za kutunza wazee ni chache katika inchi yetu, na nyingine zinasimamiwa na makanisa. Kwa mzee asiye na mtu, zinaweza kuokoa maisha yake. Lakini nenda mwenyewe, bila kutoa habari mbele. Uliza ni nani anayekesha usiku. Tazama sahani zao: kuna maharagi au ndagala, au ni bugali tu? Nusa vitanda. Ukikuta mzee mwenye vidonda matakoni, ujue kwamba hageuzwi kitandani. Tafuta mahali pengine.