Chombo hujaribiwa mawimbini

Wahenga walinena kwamba vyaelea vimeundwa. Msemo huo hutumiwa aghalabu kumsifu fundi na kutukumbusha kuwa hakuna jambo jema lililojileta lenyewe. Hata hivyo, umebeba swali ambalo ni nadra kuliuliza: vyaelea wapi? Gome la mti huelea kidimbwini na mtoto akafurahi. Chombo kitakachobeba roho ya mja hakina budi kuulizwa kama kitaelea siku ya kusi, upepo ukivuma na maji yakiwa yamechafuka.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi wa Julai uliopita rafiki yangu mmoja, mpenzi wa kuvua kwa ndoano, aliniomba nimsaidie kujaribu chombo alichokiagiza kutoka ng'ambo. Kilikuwa ni kayaki ya uvuvi inayoendeshwa kwa kukanyaga pedali kama za baiskeli. Alinichagua kwa kuwa nilizaliwa pwani na nilifundisha fizikia kwa miaka mingi. Sharti langu lilikuwa moja tu, kwamba jaribio lisifanyiwe ndani ya hori ya Kilifi ambako maji hulala kama mkeka. Lifanyiwe mlangoni, hori inapokutana na bahari kuu.

Kayaki yenyewe si uvumbuzi wa jana. Wainuit na Waaleuti wa nchi za baridi kali kaskazini mwa dunia walizitumia tangu kale kuwindia wanyama wa baharini. Kiunzi kilikuwa cha mbao zilizoletwa na mawimbi au cha mifupa ya nyangumi, kikavikwa ngozi za sili. Mwindaji aliketi ndani ya tundu, akalifunga kwa vazi lisilopenya maji. Mwindaji hodari, akipinduliwa na wimbi, hakutoka. Alijiinua kwa pigo moja la kafi, akaendelea na safari. Kwake ujuzi huo wa kujiinua ulikuwa sehemu ya chombo sawa na ngozi na kiunzi chake.

Kayaki za kisasa za uvuvi zimeacha muundo huo. Mtu huketi juu, si ndani, na chombo kina matundu ya kutolea maji yanayoingia. Mwaka 1997 kampuni ya Hobie ya California, Marekani, ilianza kuuza kayaki zenye pedali zinazochezesha mapezi mawili chini ya chombo, yakipiga huku na huku mfano wa mabawa ya pengwini anapoogelea. Makampuni mengine yalifuata baadaye, baadhi yakitumia rafadha badala ya mapezi.

Faida ya mtindo huu iko wazi. Misuli ya mapaja ni mikubwa kuliko ya mikono, na haichoki upesi. Zaidi ya hayo, mikono hubaki huru. Mvuvi wa mtumbwi anayevua peke yake anaijua adha ninayoitaja: samaki anapodaka chambo, kafi huwekwa chini, na papo hapo upepo huanza kuugeuza mtumbwi ubavu kwa mawimbi. Mwenye pedali hukanyaga taratibu, akashika mshipi kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, na chombo kikaendelea kuyatazama mawimbi.

Tuliingia majini siku mbili baada ya mwezi kuandama. Maji ya bamvua yalikuwa yakipwa na kutoka horini kwa kasi, huku upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini. Mkondo na upepo vinapokabiliana hivyo, mawimbi hufupika na kusimama wima, na ndiyo hali tuliyoitaka. Mashua ya injini ya mzee mmoja mvuvi ilitufuata kwa karibu. Tulivaa majaketi ya kuokolea maisha na kuning'iniza filimbi shingoni. Kafi tuliifunga ubavuni mwa chombo. Mzee aliitazama kayaki ile kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, kwenda nayo itakwenda. Mimi nangoja kuona itakavyorudi."

Jaribio la kwanza lilikuwa kuyakabili mawimbi kwa omo. Hapa chombo kilistahili sifa. Kila wimbi lilipokuja, omo iliinuka, ikapiga maji kwa kishindo, nikaloa hadi kifuani, na maji yakatoka kupitia matundu yake. Mapezi yaliyo chini hayakukosa maji ya kusukuma, ilhali kafi katika mawimbi kama yale mara nyingine hupiga hewa. Nilikanyaga kwa muda wa nusu saa bila kutweta.

Jaribio la pili lilikuwa kuyapokea mawimbi ubavuni, na hapa naomba wanafunzi wa fizikia watege sikio. Kayaki ile ilikuwa na upana wa karibu sentimita 90, na horini mtu aliweza kusimama wima juu yake akavua bila wasiwasi. Sababu ni kwamba uzito wa chombo na abiria wake huvuta chini kupitia kitovu cha uzito, nao msukumo wa maji huinua kupitia kitovu cha sehemu iliyozama. Chombo kikiinama, kitovu hicho cha pili husogea upande ulioinama na kukirudisha. Kadiri chombo kilivyo kipana, ndivyo kinavyosogea upesi na ndivyo chombo kinavyoonekana imara.

Lakini msukumo wa maji haujui wima wala upeo wa macho. Unaujua uso wa maji tu. Uso ukiwa bapa, chombo kipana hukaa bapa. Uso ukiinama kama paa la makuti, chombo hicho hicho hung'ang'ania kulala sambamba na paa, na aliyeketi juu yake kwenye kiti kilichoinuliwa hurushwa upande wa bondeni. Chombo chembamba, ambacho horini humtia mtu hofu kwa kuyumbayumba, huweza kubaki wima wimbi likipita chini yake. Kwa hiyo sifa ile ile inayompendeza mnunuzi kwenye maji matulivu ndiyo inayomtaabisha kwenye mawimbi. Tulikishusha kiti hadi ngazi yake ya chini, kitovu cha uzito kikashuka nacho, na hali ikawa afadhali. Nafuu kubwa zaidi ilipatikana kwa kuyakata mawimbi kimshazari.

Jaribio la tatu lilikuwa kurudi, mawimbi yakitufuata kwa nyuma. Tezi iliinuliwa, omo ikazama, na usukani ukabaki ukining'inia hewani. Usukani usio ndani ya maji ni ubao tu. Chombo kikaanza kugeuka ubavu, na kilichokinyoosha ni kafi niliyoifungua upesi kutoka ubavuni. Tena, karibu na ufuo na penye miamba, mapezi lazima yakunjwe yalale chini ya chombo yasivunjike. Maana yake ni kwamba mahali ambapo mawimbi huvunjika, ambapo nguvu zahitajika kuliko kwingine, ndipo pedali zinapokuwa hazifanyi kazi. Anayesema kuwa mwenye pedali hahitaji kafi hajapata kutua ufuoni siku ya kusi.

Jaribio la nne ndilo ambalo wauzaji hawalionyeshi katika picha zao. Tulikipindua chombo kwa makusudi. Mimi nilikuwa majini nikiwa nimeishika kamba iliyofungwa kwenye chombo, na ni vyema nilikuwa nayo, kwani kayaki tupu husukumwa na upepo upesi kuliko mtu anavyoweza kuifuata kwa kuogelea. Ili kuigeuza, nilijivuta juu ya tumbo lake, nikashika mkanda wa upande wa pili, nikajitupa nyuma kwa uzito wangu wote. Kisha likaja suala la kupanda. Mtu hupiga miguu kama chura mpaka mwili ulale juu ya maji, akajivuta kifudifudi hadi tumbo likae juu ya kiti, akageuka, akaketi. Pedali zilizosimama katikati ya chombo zilizuia magoti kila mara. Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu nilipanda, lakini kifua kilikuwa kikipanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi.

Hapo ndipo ulipo ukweli niliotaka kuuleta mbele yako, ndugu msomaji. Miguu ndiyo inayokupeleka, lakini mikono, kifua na pumzi ndivyo vitakavyokurudisha chomboni. Mvuvi wa mtumbwi hupewa onyo na mikono yake mwenyewe: ikianza kuuma, anajua ameshakwenda mbali vya kutosha, na anageuza. Pedali zimeliondoa onyo hilo. Mtu huweza kwenda kilomita 3 au 4 kutoka ufuoni huku akihisi kana kwamba anapunga hewa, naye hajawahi hata siku moja kujipima kama anaweza kupanda tena baada ya kuanguka. Mwindaji hodari wa Kiinuit aliingia baharini akiwa na ujuzi wa kujiinua. Mnunuzi wa leo hupewa chombo akaachiwa ujuzi huo autafute mwenyewe.

Wapo watakaosema kuwa hii ni anasa ya wachache, maana bei ya kayaki kama hiyo inazidi ya pikipiki mpya ya bodaboda. Ni kweli kwamba haitakuja kuichukua nafasi ya ngalawa au mtumbwi wa mvuvi wetu kesho wala kesho kutwa. Lakini swali la kurudi haliwahusu wenye kayaki peke yao. Mnamo tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa ikiwa imejaza abiria kupita kiasi, na watu zaidi ya 250 wakafa maji karibu kabisa na nchi kavu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi mno wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha wastani. Shirika hilo hilo linapendekeza watoto wa umri wa kwenda shule wafunzwe kuogelea na kujiokoa majini.

Sisi tuna bahari, tuna Ziwa Victoria, Turkana, Baringo na Naivasha. Tuna shule ambazo kengele yake husikika ufuoni. Mwanafunzi wa shule kama hizo huweza kuikariri kanuni ya Archimedes bila kukosea neno, akachora mishale ya uzito na msukumo, akapata alama zote, ilhali hajui afanye nini mtumbwi wa babake ukipinduka. Siilaumu kanuni, bila ya kanuni hiyo nisingeweza kueleza kilichonisukasuka pale Kilifi. Ninachosema ni kwamba mtihani wa karatasi ni maji ya horini. Unafaa kuanzia, lakini haufai kuwa mwisho wa safari, kwa kuwa ziwa na bahari zina maswali yao na hazitoi muda wa kufikiri.

Wito wangu kwa walimu wenzangu ni mdogo. Wala hatuhitaji kayaki ya ng'ambo. Mwalimu mwenye ufuo salama karibu anaweza kumwomba mvuvi mzoefu aje na mtumbwi wake, wazazi wakaarifiwa na kutoa idhini, waogeleaji hodari wakasimama tayari, na somo likaanzia kwenye maji ya kiunoni. Jerikeni tupu lililofungwa kifuniko barabara linatosha kumfundisha mtoto kuelea na kutulia. Kisha mtumbwi upinduliwe hapo hapo, maji yakiwa kiunoni, na kila mmoja ajifunze kuushikilia badala ya kuukimbia. Watoto wakishalizoea hilo, somo la pili lihamie kwenye maji ya kifuani, nalo liwe na swali moja tu, lile alilonitupia yule mzee kabla sijakanyaga pedali: utarudije?