Sababu ya kunywa maji ya nanasi kabla ya kupigwa picha ya mirija ya nyongo

MGONJWA mwenye maumivu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, na ambaye macho yake yamegeuka kuwa ya manjano, huenda akatumwa kupigwa picha ya MRI ili kubaini iwapo kijiwe kimeziba mirija ya nyongo.

Mbinu hiyo, iliyoelezwa na wataalamu mwaka wa 1991, hutumia sumaku wala si eksirei. Majimaji yaliyotulia, ikiwemo nyongo, huonekana meupe, nacho kijiwe huonekana kama doa jeusi.

Tatizo ni kwamba majimaji yaliyo tumboni na katika utumbo mdogo pia huonekana meupe, na yanaweza kuifunika mirija. Ndiposa mgonjwa hutakiwa kukaa bila kula kwa takriban saa 4. Kufunga huko pia huacha kifuko cha nyongo kikiwa kimejaa, kwa kuwa chakula chenye mafuta hukifanya kinywee.

Baadhi ya hospitali humpa mgonjwa maji ya nanasi muda mfupi kabla ya kipimo. Tunda hilo lina madini ya manganisi, ambayo huyafanya majimaji ya tumboni yaonekane meusi, na mirija ikajitokeza wazi. Mwenye kisukari hana budi kumwarifu daktari mapema.

Mgonjwa akiambiwa azuie pumzi, na atii. Kupumua husogeza ini, na picha yenye ukungu huweza kuficha kijiwe kidogo. Picha safi huweza kumwepusha na kipimo cha kuingizwa mpira kupitia kinywani, ambacho wakati mwingine husababisha uvimbe wa kongosho.