Boti ya Alumini ya Futi 14: Kilo Kwanza, Dola Baadaye

Boti ndogo ya injini iliyotengenezwa Marekani baada ya 1972, ikiwa haifiki futi 20, inatakiwa kuwa na kibao cha uwezo. Hubandikwa ndani, mahali ambapo mwendeshaji anakiona, na kinaeleza mambo matatu: watu wangapi, uzito gani kwa jumla, na injini ya nguvu gani. Anayetaka kuiboresha boti yake ya kuvulia aanze na kibao hicho. Wengi huanza na video za mafundi wanaojenga sitaha ya zulia kutoka omo hadi tezi, kisha wanashangaa maji yanapochungulia ukingoni.

Boti ninayoizungumzia ni ile bapa ya futi 14, yenye pua butu, ambayo wenyewe huiita jonboti. Maziwa na mabwawa ya Kentucky, Michigan na majimbo ya kusini yamejaa boti hizi, na kwa ndugu zetu wasemaji wa Kiswahili walioko Lexington au Grand Rapids, mlango wa uvuvi wenye bei nafuu kuliko huu ni kuvulia ufukoni tu. Boti iliyotumika, bila injini, hupatikana kwa takribani dola 600 hadi 1,500 kulingana na hali yake na kama inakuja na trela. Mpya huanzia karibu dola 1,500 na kuendelea. Kwa pesa hiyo unapata sinia la bati lenye mabenchi matatu: likipigwa na jua linachoma, ukidondosha koleo linalia ziwa zima, na mgongo hauna pa kuegemea. Ndiyo maana kila mwenye nayo anatamani kuibadilisha.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kibao kinaruhusu pauni 550 kwa watu, injini na mizigo, yaani kama kilo 250. Watu wazima wawili wa wastani ni kilo 160. Injini ya petroli ya nguvu za farasi 9.9, ya mipigo minne, ina karibu kilo 40. Tangi dogo la mafuta, kilo 10. Betri ya asidi ya mota ya umeme, kilo 25. Jumla 235. Umebakiwa na kilo 15, na bado hujapakia nanga, majaketi okozi, chakula, maji ya kunywa wala fimbo za kuvulia. Hizo kilo 15 ndizo bajeti yako halisi. Dola unaweza kuongeza mwezi ujao; kilo huwezi.

Kwa hesabu hiyo, sitaha ndefu, ambayo ndiyo ndoto ya kila mtu, inaanza kuonekana ilivyo. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, unene wa nusu inchi, ina takribani kilo 20 ikiwa kavu, na sitaha kamili inaweza kula karatasi mbili. Ongeza fremu, zulia na gundi, unakaribia kilo 60. Wengine hudhani wakitumia bati la alumini watapona. Bati la unene wa moja ya nane ya inchi, ukubwa uleule, lina kama kilo 25, yaani ni zito kuliko mbao! Ukishuka hadi unene wa inchi 0.09 unapata kilo 18, ila litahitaji mihimili mingi zaidi chini yake ili lisibonyee. Faida ya alumini ni kwamba haioti ukungu wala hainywi maji. Kwa upande wa bei, plaiwudi ya kawaida ya nje ni dola 35 hadi 50 kwa karatasi, ya baharini inaweza kupita 100, na bati la alumini ni kama 150 hadi 250.

Kuna mtego mmoja dukani. Ukimwambia muuzaji kwamba mbao itakaa kwenye maji, atakuonyesha iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Usiichukue. Tangu mwisho wa 2003, dawa ya zamani yenye aseniki iliondolewa kwenye mbao za matumizi ya nyumbani Marekani, na nyingi zilizochukua nafasi yake zina shaba kwa wingi. Shaba, unyevu na alumini vikikutana, alumini ndiyo inayoliwa. Baada ya misimu michache unaweza kuinua sitaha ukakuta bodi ina vishimo. Kwa sababu hiyohiyo, rangi za kuzuia magugu zenye shaba hazipakwi chini ya boti hizi. Chukua plaiwudi ya nje isiyo na dawa, ipake epoksi pande zote hadi kwenye kingo, kisha rangi, kwa sababu epoksi peke yake huharibiwa na jua.

Na hata hivyo, mimi nisingejenga sitaha ndefu. Kwenye boti pana za futi 16 au 18 ina maana. Kwenye ya futi 14 yenye sakafu nyembamba, mvuvi akisimama juu yake uzito wote unapanda na boti inayumba kila anaporusha mshipi. Kipande kifupi cha omo, kisichopita urefu wa benchi, kinatosha kuwekea nanga na sanduku la ndoana.

Benchi la kati nalo lisiguswe. Linaonekana kama kizuizi cha miguu, na fundi wa mtaani atakwambia ukilikata utapata nafasi ya kutembea. Kazi zake ni mbili: linashikilia mbavu za pande zote mbili zisitanuke, na ndani yake mna povu gumu la kuifanya boti ielee hata ikijaa maji. Kwenye boti kuukuu povu hilo lenyewe huwa limenyonya maji, na unaweza kubeba makumi ya kilo bila kujua. Ukitoboa tundu dogo sehemu ya chini ya benchi na maji yakatiririka, toa povu lote, weka vipande vya povu la polistirini linalotumika kwenye kuta za nyumba, kisha funga benchi. Povu hilo liwe mbali na petroli, maana huyeyuka.

Baada ya hapo, dola ya kwanza iende kwenye viti. Kiti cha kukunja chenye egemeo, kinachobanwa juu ya benchi bila kutoboa chochote, ni dola 30 hadi 60 na kina kilo chache tu. Kiti cha mguu wa chuma kinachozunguka hupita dola 100, kinahitaji ubao wa kukazia chini yake, na kinamwinua mvuvi juu zaidi. Kinapendeza zaidi, sikatai. Lakini kwa anayekaa saa tano majini, kinachouma ni kiuno, na egemeo la dola 50 linautuliza mgongo sawasawa na la dola 150.

Dola ya pili, na hapa ndipo penye hoja nzito, ni betri. Maziwa mengi madogo, hasa mabwawa ya maji ya kunywa, hayaruhusu injini ya petroli, kwa hiyo mota ya umeme ni ya lazima. Betri ya asidi ya kutumika polepole hugharimu kama dola 120 hadi 150. Ina kilo 25 au zaidi, na ili idumu haifai kuishusha chini ya nusu ya chaji. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, ambayo miaka kadhaa nyuma ilikuwa anasa, sasa inapatikana kwa dola 200 hadi 300, ina takribani kilo 11, na unaweza kuitumia karibu yote. Maana yake ni kwamba kwa nyongeza ya dola mia na kidogo, unapata karibu mara mbili ya muda wa kuvua na unaokoa kilo 14, nafasi ambayo mtu mwingine ataipoteza kwa zulia. Pia hudumu kwa maelfu ya mizunguko ya chaji, wakati ile ya asidi huhesabiwa kwa mamia.

Ina masharti yake. Chaja iwe ya lithiamu. Isichajiwe ikiwa yenyewe imepoa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, jambo ambalo aliye Michigan hawezi kulipuuza, basi ikae ndani ya nyumba majira ya baridi. Na kati ya betri na mota iwepo swichi ya kukata umeme ya ampea 50 au 60, kadiri mota inavyotaka; ni dola 20 hadi 30, na ndiyo inayozuia nyaya kuungua magugu yakikaba rafadha.

Sakafu haina maneno mengi. Zulia ni rahisi kununua, lakini linakaa na maji, linanuka samaki, na ndoana ikilishika utaikata kwa kisu. Rangi yenye mchanga wa kuzuia utelezi ni nyepesi na ya bei ya chini kuliko zote. Shuka za povu laini zenye gundi ni za katikati: zinapunguza kelele na zinabembeleza miguu, ila uchague rangi hafifu, kwani nyeusi hukaanga nyayo. Tangi la kutunza samaki hai lenye lita 40 ni kilo 40 za maji, kwa hiyo ndoo yenye pampu ndogo ya hewa ya dola 15 inalishinda. Kivuli cha turubai ni kizuri siku tulivu. Upepo ukija kinageuka tanga.

Usitoboe bodi chini ya mstari wa maji kwa ajili ya kitu chochote. Juu yake tumia ribiti za alumini zilizozibwa mwisho, na skrubu za chuma kisichopata kutu zipakwe grisi ya baharini ya kutenganisha metali.

Kwa jumla: viti viwili vya kubana, rangi ya sakafu, betri ya lithiamu, swichi na nyaya, taa za usiku na ndoo ya samaki vinafika karibu dola 500, na boti inabaki nyepesi. Sitaha kamili ya plaiwudi ya baharini, fremu ya alumini, zulia na viti vya mguu inakaribia dola 950 kabla hujanunua betri, na inakuongezea kilo 60 ambazo kibao hakizikubali. Ukitaka sitaha, nunua boti ya futi 16 yenye sakafu pana. Utalipa zaidi mwanzoni, lakini itakubeba. Na ukikuta ya futi 14 inauzwa bei ya kutupa huku kibao chake kimeng'olewa, muulize mwenyewe mwaka na namba ya modeli, utafute vipimo vya mtengenezaji kabla ya kutoa hata dola moja.